Umeweka Linux kwa Diski ya Nje na Sasa Lapi Inakuonyesha "grub>"? Usiformati Kitu, Soma Hii Kwanza

Jumatatu, saa moja u nusu asubuhi, simu inalia. Ni sistangu mkubwa. Yeye ni mwalimu huku Keumbu, na akikupigia mapema hivyo jua kumechemka.

"Lapi yangu umeifanyia nini?"

"Si ilikuwa sawa jana, siz?"

"Imeleta skrini nyeusi, imeandika grub. Na alama za watoto ziko humu ndani, na mwalimu mkuu anazitaka saa nne."

Manze, nilihisi tumbo ikishuka. Wikendi nzima nilikuwa nimeazima hiyo lapi niinstoli Linux kwa diski yangu ya nje, ile ndogo ya kudunga kwa USB. Sikugusa Windows yake, naapa. Nilichagua diski yangu, nikaistati mashine mara tatu, kila kitu fiti. Jumapili jioni nikachomoa diski yangu, nikamrudishia lapi yake, nikalala kama mtu ambaye hana deni.

Kwetu mimi ndio "yule wa makompyuta". Kolegi sikumaliza, kwa hivyo hilo jina ndilo cheti pekee niko nayo kwa nyumba. Sasa ilikuwa inachanika mbele ya stafurumu nzima.

Nilidandia boda na diski kwa mfuko. Nilipoidunga na kuwasha, menyu ikatokea, nikachagua Windows, ikafunguka kama kawaida. Alama zikaenda kwa wakati. Lakini siku hiyo yote siz alitembea na lapi imening'inia diski yangu pembeni kama mgonjwa wa dripu. Ukiichomoa na uzime, imekufa tena.

Kama hii kitu imekupata ama unapanga kujaribu, tulia hapa. Karibu kila mara Windows haijafutika na faili zako ziko salama. Kilichopotea ni njia ya kuzifikia, na njia inarudishwa.

Mbona wasee wengi wanajaribu hii kitu saa hii

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kusapoti Windows 10. Nayo Windows 11 ina masharti: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Sasa angalia lapi ambazo tunanunua huku, zile za ex-UK. HP EliteBook 840 G3, ile kila msee amewahi kuona kwa duka ya Kisii Town, ni ya kizazi cha sita. Dell na ThinkPad za umri huo ni hadithi hiyo hiyo. Mashine bado ina nguvu, lakini kwa karatasi imefukuzwa.

Kwa hivyo mtu anaambiwa jaribu Linux, ni ya bure. Na ju hataki kuharibu Windows yake, anasema wacha niiweke kwa diski ya nje. Wazo ni poa sana. Shida ni vile instola inafanya nyuma ya pazia.

Ni nini haswa huharibika: stori ya ploti na keateka

Fikiria mashine yako ni ploti ya kukodi. Windows ni nyumba moja, Linux ni nyumba nyingine. Ukiwasha mashine, mtu wa kwanza kuamka ni keateka wa geti. Huyo ni UEFI, ile programu imekaa ndani ya bodi ya mashine. Wengi bado wanamwita bayosi.

Keateka ana daftari. Ndani ameandika: "Windows, ufunguo wake uko mahali fulani. Linux, ufunguo wake uko mahali fulani." Hilo daftari linakaa kwa bodi ya lapi, halikai kwa diski. Shika hapo, ju ndio siri ya shida nusu.

Funguo zenyewe zinatundikwa kwa kijichumba fulani kwa diski. Ni patisheni ndogo ya FAT32, mara nyingi megabaiti mia hivi kwenda juu, inaitwa ESP. Ndani kuna folda ya EFI, na kila mfumo una folda yake hapo. Ufunguo wa Linux ni butiloda, na ile maarufu zaidi ni GRUB, ambayo imekuwa kwa game tangu 1995.

Sasa kosa ndilo hili. Ukiambia instola "weka Linux kwa diski ya nje", inaweka nyumba kwa diski ya nje kweli. Lakini ufunguo, baadhi ya instola huutundika kwa ESP ya kwanza zinayoona, ambayo ni ile ya ndani, ya Windows. Ubiquity, instola ya Ubuntu za zamani, ilijulikana sana kwa hii tabia: ulikuwa unaweza kuchagua diski ya nje mahali pa butiloda na bado iende ya ndani. Alafu inaambia keateka aandike Linux namba moja kwa daftari.

Matokeo ni mawili, na yote yanauma:

Kwanza, ukichomoa diski ya nje, keateka anachukua ufunguo wa Linux, anaenda mlangoni, anapata nyumba haipo. GRUB imeamka lakini haioni faili yake ya maelekezo, ju hiyo faili iko kwa diski uliyotia mfukoni. Inasimama hapo na kuandika grub> ikingoja wewe uiambie iende wapi. Hapo ndipo siz alikuwa.

Pili, ukipeleka hiyo diski kwa mashine ingine, haiwaki. Keateka wa ploti ingine hana jina lako kwa daftari, na ufunguo uliuacha kwa ploti ya kwanza.

Skrini inasema nini? Soma kabla ya kugusa

Usikimbilie kuformati. Kila ujumbe una maana yake.

*grub>* : Butiloda imeamka, haijapata maelekezo. Hii ni ile ya kuchomoa diski.

*grub rescue>* : Hapa ni mbaya kidogo. GRUB imepata kipande chake cha kwanza tu, zingine haijaziona. Utaiona sana kwa mashine za zamani zinazobuti kwa mtindo wa kizamani bila UEFI.

*Boot Device Not Found* ama *No bootable device* : Keateka hajapata ufunguo wowote. Ikitokea ukijaribu diski yako kwa mashine ya mtu, ni ile shida ya pili.

*Security Policy Violation* : Hii ni Secure Boot imekataa ufunguo wako. Mwezi Agosti 2024 apdeti moja ya Windows iliwaumiza wasee wengi wa mifumo miwili kwa lapi moja: Linux ilikataa kuwaka na huo ujumbe, ikitaja kitu kinaitwa SBAT. Haikuwa kosa la diski.

*Skrini ya buluu inayotaka namba ya BitLocker* : Windows imeona kuna kitu kimebadilika kwa njia ya kuwaka, ikajifungia. Inataka namba ya tarakimu 48. Ile namba kawaida huhifadhiwa kwa akaunti ya Microsoft ya mwenye lapi. Itafute kabla ya kubadilisha chochote kwa bayosi. Kabla, sio baada.

Huduma ya kwanza: fungua Windows saa hii hii

Kama mtu anangoja kazi, usianze ufundi. Fungua mashine kwanza.

Ukiwa kwa grub>, andika neno moja na ubonyeze Enter:

exit

Ndio hiyo tu. Mara nyingi GRUB inarudi kwa keateka, naye anajaribu jina linalofuata kwa daftari, ambalo ni Windows. Ningejua hii Jumatatu ile, ningemwambia siz kwa simu, herufi nne, na nisingelipa boda.

Ikikataa, zima kabisa, washa, na ugonge batani ya menyu ya kubuti. Kwa HP ni Esc halafu F9. Kwa Dell na lapi nyingi za Lenovo ni F12. Chagua Windows Boot Manager. Ikifunguka, umejua Windows haina shida yoyote.

Na kama diski ya nje iko karibu, idunge tu. Menyu itarudi. Ni plasta, sio dawa, lakini inatosha kumaliza siku.

Dawa ya kwanza: rudishia Windows cheo chake

Ingia kwa bayosi, kwa HP ni F10, kwa Dell ni F2, tafuta mpangilio wa kubuti, na upandishe Windows Boot Manager iwe juu. Sevu, toka. Lapi sasa itawaka Windows hata bila diski yako.

Ukiona bayosi inakuchanganya, fungua Windows, tafuta cmd, ifungue kama msimamizi na uandike:

bcdboot C:\Windows

Hiyo inaandika upya ufunguo wa Windows na kumkumbusha keateka. Haifuti faili yoyote.

Kwa lapi ya siz hiyo ndiyo ilimaliza maneno. Ilichukua dakika mbili. Lakini sasa diski yangu ikabaki bila ufunguo wa kwake, na hapo ndio kazi yenyewe inaanza.

Dawa ya pili: ipe diski yako ufunguo wake

Unakumbuka nimesema keateka wa ploti ingine hakujui? Kuna mpango wa hiyo. Kila keateka wa UEFI amefundishwa kitu kimoja: ukikuta mgeni hayuko kwa daftari, angalia chini ya zulia. Zulia ni njia hii, ndani ya ESP ya hiyo diski:

EFI/BOOT/BOOTX64.EFI

Ukiweka butiloda hapo, na kwa hilo jina haswa, diski yako itawaka kwa karibu mashine yoyote ya UEFI ya biti 64. Hivyo ndivyo fleshi za kuinstoli hufanya kazi kila mahali bila kuandikishwa.

Utahitaji fleshi yenye Ubuntu ama Mint ya kujaribu bila kuinstoli. Na stima ikiwa ya kusuasua, ile ya mvua ikianza saa tisa kila kitu kinazima, hakikisha betri imejaa. Hii si kazi ya kukatizwa katikati.

1. Buti na fleshi, chagua kujaribu, usiinstoli. Fungua teminali na uandike ls /sys/firmware/efi. Ikionyesha mafaili, umebuti kwa UEFI, endelea. Ikisema haipo, rudi kwa menyu ya kubuti uchague fleshi ile ile lakini ile imeandikwa UEFI.

2. Andika lsblk uone diski zote. Angalia saizi, sio majina. Diski ya ndani inaweza kuwa sda ama nvme0n1, yako ikawa sdb, fleshi ikawa sdc. Usikopi majina yangu kama kasuku. Hapa ukikosea herufi moja unaandika kwa nyumba ya mtu.

3. Je, diski yako ina ESP? Kama haina, fungua GParted, punguza patisheni kidogo, tengeneza ingine ya megabaiti 500 ya FAT32, na uipe alama za boot na esp. Kama diski ina vitu vya maana, zikopi mahali kwanza. Kupunguza patisheni ni upasuaji.

4. Tuseme Linux yako iko sdb2 na ESP yako mpya ni sdb1. Andika moja moja:

sudo mount /dev/sdb2 /mnt
sudo mkdir -p /mnt/boot/efi
sudo mount /dev/sdb1 /mnt/boot/efi
sudo mount --bind /dev /mnt/dev
sudo mount --bind /proc /mnt/proc
sudo mount --bind /sys /mnt/sys
sudo chroot /mnt

Hapo umeingia ndani ya Linux yako bila kuiwasha, kama fundi ameingia kwa dirisha.

5. Sasa weka ufunguo chini ya zulia:

grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
update-grub

Neno la maana ni --removable. Ndilo linasema "weka kwa njia ya zulia, usitegemee daftari". Bila hilo utarudi hapa hapa wiki ijayo.

6. Hii hatua wengi huruka na kulia baadaye. Kuna faili inaitwa /etc/fstab, na ndani yake kuna mstari wa /boot/efi ambao bado unaelekeza kwa ESP ya ndani. Andika blkid /dev/sdb1, chukua UUID yake, na uiweke kwa huo mstari badala ya ile ya zamani. Usipofanya hivyo, kwa mashine ingine Linux itangoja ESP ambayo haipo kwa sekunde 90, halafu ikuangushe kwa skrini ya dharura.

7. Andika exit, zima, toa fleshi, acha diski yako, fungua menyu ya kubuti na uichague.

Mtihani wa mwisho ni mbili: lapi iwake Windows bila diski, na diski iwake kwa lapi ya mtu mwingine. Zote zikipita, umemaliza.

Bado imekataa?

*Diski haionekani kabisa kwa menyu.* Idunge moja kwa moja kwa lapi, bila hab. Diski za kuzunguka zinakula moto, na poti ya USB 2.0 inatoa miliampea 500 tu. Poti ya USB 3.0 inatoa 900. Jaribu waya ingine. Pia angalia kwa bayosi kama kubuti kwa USB kumezimwa, na kama Fast Boot imewashwa, izime, ju inaweza kuruka USB wakati wa kuwaka.

*Secure Boot imekataa.* Kwanza pata ile namba ya BitLocker, ndio uzime Secure Boot. Kama ni shida ya SBAT, ukishaingia Linux andika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, ristati mara moja ukiingia Linux tena, apdeti mfumo, kisha urudishe Secure Boot.

*Ni grub rescue> kwa mashine ya zamani.* Andika ls. Itakuonyesha diski na patisheni. Jaribu moja moja mpaka upate yenye folda ya boot. Tuseme ni (hd1,msdos1):

set root=(hd1,msdos1)
set prefix=(hd1,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal

Ukiingia Linux, andika sudo grub-install kisha jina la diski yako nzima, kwa mfano /dev/sdb, bila namba ya patisheni. Kwa Windows ya mashine hiyo, butia diski ya Windows ya kurekebisha na uandike bootrec /fixmbr.

*Jina la Linux limebaki kwa daftari la lapi.* Ukiwa ndani ya Linux andika sudo efibootmgr. Kila jina lina namba. Kama la zamani ni 0003, lifute hivi: sudo efibootmgr -b 0003 -B. Hakikisha sio la Windows. Soma mara mbili, futa mara moja.

Siku ingine, fanya hivi kabla

Njia safi zaidi ni instola isione diski ya ndani kabisa. Kama lapi inafunguka rahisi, chomoa hiyo diski. Bayosi zingine zinakuruhusu kuizima. Kama haiwezekani, buti na fleshi, fungua GParted, toa alama za boot na esp kwa ESP ya ndani, instoli, halafu uzirudishe hizo alama kabla ya kuondoka. Kurudisha usisahau.

Halafu kuna mtihani mmoja nilikosa kufanya Jumapili ile, na ndio ungeniokoa. Mimi niliristati mara tatu na diski ikiwa imedungwa. Si hata mara moja niliichomoa nikaona lapi ingefanya nini peke yake. Kwa hivyo kabla urudishe mashine ya mtu, irudishe kwanza vile ilikuja: chomoa kila kitu chako, zima, washa, ngoja mpaka Windows ifike mwisho. Ndio upeane.

Na kama lapi si yako, mwambie mwenyewe unataka kufanya nini. Siz hakunikasirikia ju ya Linux. Alikasirika ju alisikia hiyo stori mara ya kwanza akiwa amesimama mbele ya skrini nyeusi na mwalimu mkuu mlangoni.

Bado naweza kuazima hiyo lapi, by the way. Lakini siku hizi kabla anipee, ananiuliza: "Utachomoa kwanza uone?"

Nachomoa kwanza.